Satelaiti haioni mvua

Nikimwambia mtu niko kwenye kikundi kinachofatilia satelaiti za hali ya hewa swali la kwanza ni lile lile, haya tuambie, kesho inanyesha au hainyeshi? Siku hizi jibu langu ni moja, waulize TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Siringi, utabiri ni kazi yao kisheria, kuna sheria kabisa ya 2019, halafu hata bila sheria kadri ninavyokaa na hizi picha ndo naona satelaiti yenyewe haijui kama kumenyesha. Inajua mambo mengi sana ila mvua haioni. Hilo limechukua muda kuniingia kichwani na ndo nataka niliandike hapa, maana nimeona watu wengi wanashea picha za mawingu wanagombana utafikiri ni picha za mvua.

Mimi kwa kazi ni fundi, redio, tv, amplifaya, feni zikiletwa nazo sizikatai, na kilichoniingiza huku ni antena. Dogo mmoja wa chuo alikuja kibandani kwangu Mbagala hapa Dar anataka vijiti viwili vya alminiamu vya antena ya tv, vikatwe sentimita 53 na nukta kila kimoja, vifungwe kwenye konekta vikae kama herufi V, pembe digrii 120. Nikamuuliza ya chaneli gani hii dogo, mbona watu wote wana ving'amuzi? Akasema bro hii ni ya kunasa picha kutoka angani, megahezi 137. Nikacheka ila nikamtengenezea, nikamwambia siku mkiijaribu mniite, antena nimefunga mimi kwahiyo kama inafanya kazi nataka nione kwa macho yangu.

Wakaniita kweli, juu ya paa la jengo moja Sinza. Nikakuta wanafunzi kadhaa, dada mmoja anaesoma fizikia ambae ndo kiongozi wao, na mzee mstaafu ambae maisha yake yote ya kazi alikuwa mpimaji wa hali ya hewa vituoni, mikoa karibu yote ya pwani kaikalia. Shikamoo mzee. Marahaba, karibu, wewe ndo fundi uliyetufungia hii V? Basi tangu hapo jina langu pale ni Fundi.

Vifaa vyenyewe vilikuwa vya kawaida sana, laptopu, waya wa antena, na kidude cha USB kama flashi ambacho asili yake ni cha kuangalizia tv kwenye kompyuta, wajanja huko duniani wakagundua kinasikiliza masafa mengi tu mengine. Satelaiti tuliyokuwa tunaisubiri ni ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga. Wakati ule zilikuwa zimebaki tatu za zamani zinazorusha ule mtindo, NOAA 15 ya 1998, NOAA 18 ya 2005 na NOAA 19 ya 2009, zinazunguka dunia kupitia karibu na ncha zote mbili, juu kama kilomita 850 hivi, mzunguko mmoja ni dakika mia na kidogo. Ikipita juu yenu mna kama robo saa, inatokeza upande mmoja wa anga inazama upande wa pili, imeisha hiyo.

Sasa kilichonimaliza mimi ni kwamba signali yake ni sauti. Yani sauti kabisa inatoka spika, tik tok tik tok, mistari miwili ya picha kila sekunde. Mtindo huo unaitwa APT, ulianza na satelaiti ya TIROS 8 mwaka 1963 na lengo lilikuwa hilo hilo, mtu popote duniani mwenye redio ya kawaida apate picha bila kuomba kwa mtu. Laptopu ikawa inachora mstari mmoja mmoja, ikatoka pwani, likatoka Ziwa Victoria jeusi, na juu ya bahari mawingu meupe meupe. Nikasema kwa furaha, aisee mvua hiyo inakuja. Mzee akaniangalia akasema, mwanangu hapo unauona mgongo wa wingu, tumbo lake hujaliona.

Nilidhani anatania.

Dada kiongozi akaja kunieleza siku nyingine, na nitaeleza kama nilivyoelewa mimi fundi. Picha ziko za aina mbili kubwa. Moja ni mwanga wa jua unaogonga mawingu unarudi, hiyo ni kama picha ya simu na usiku haipo. Nyingine ni ya joto, infraredi, ile inafanya kazi usiku na mchana, na hapo satelaiti inachopima ni joto la kitu cha kwanza inachokiona ikiangalia chini. Kama hakuna wingu inapima bahari au ardhi. Kama kuna wingu inapima kilele chake, na kilele cha wingu refu la radi kiko juu sana ambako ni baridi ya kutisha, nyuzi 60 hadi 70 chini ya sifuri au zaidi, hata hapa kwetu ambapo chini watu wanatoka jasho. Kwahiyo ile nyeupe kali kwenye picha ya joto maana yake ni baridi, na baridi maana yake ni kilele kirefu, na kilele kirefu mara nyingi kina mvua chini yake. Mara nyingi. Kila kitu kiko kwenye hilo neno.

Halafu watu wanapaka rangi. Ile picha mnayotumiwa wasap yenye wekundu na zambarau ni mtu kaamua kwenye kompyuta kwamba baridi kali nitaipa wekundu ili ionekane. Mama mmoja mteja wangu alinionyesha picha kama hiyo Mei 2024, wiki ya kimbunga Hidaya, akaniuliza fundi huu wekundu ndo joto lote hili linakuja kwetu? Nikamwambia mama hapo pekundu ndo baridi kuliko kote kwenye hiyo picha. Aliniangalia kama nimemtukana. Na wiki ile grupu letu lilikuwa na kazi moja tu, kukagua picha ambazo watu wanatumiana, unakuta kimbunga kina jicho zuri la duara limenyooka, kiko bahari nyingine kabisa, mtu kaandika juu yake HIKI HAPA KINAINGIA DAR. Namna moja ya kukamata uongo ni mwelekeo. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kimbunga cha kwetu kinazunguka kama mshale wa saa, ukiona mikia ya mawingu inazunguka kinyume basi hiyo picha ni ya kaskazini huko, Atlantiki au Pasifiki, muulize aliyekutumia kaitoa wapi.

Hidaya yenyewe ndo ilinipa somo la pili na naona watu wengi walilikosa. Tarehe 4 Mei ilifika pande za Mafia ikiwa imeshapungua nguvu, kwenye picha lile umbo limeshavunjika, limebaki mawingu yamechanika chanika. Dar boti za Unguja zilikuwa zimesitisha safari, watu wamejifungia ndani, halafu upepo ulioogopwa haukuja. Jumatatu mtaani ni kelele tu, wametutisha bure, kama kile cha Jobo Aprili 2021 tulichokisubiri kikafia baharini. Lakini sasa muulize mtu wa Kilwa au Lindi. Mvua iliyoshuka kule ilileta mafuriko na barabara ya kusini ikakatika pale Somanga, magari yakakwama, mizigo ikaoza. Kwenye picha kimbunga kimekufa, kwenye daraja hakijafa. Mzee alituambia kwamba kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952 na kile kilichofyeka mikarafuu Unguja mwaka 1872 vilikuja wakati hakuna hata satelaiti moja ya hali ya hewa, ya kwanza TIROS 1 imerushwa Aprili 1960, watu waliona anga limebadilika ndo basi. Sasa sisi tunaonyeshwa siku kadhaa kabla halafu tunalalamika kwamba hakikuua watu wa kutosha. Hiyo ni hasira yangu tu, tuendelee.

Baada ya Hidaya mzee akashika jambo moja hakuliachia, kwamba kikundi cha satelaiti bila kipima mvua ni kikundi cha kuangalia picha. Mwanzoni vijana hawakupenda kabisa, wao wanataka antena, wanataka kuandika programu za kompyuta, nani atake kuamka kwenda kupima na kumwaga maji ya mvua ya kwenye chupa? Ila dada kiongozi alikubali, tukauliza utaratibu wa vituo maana navyo vina usajili wake, tukaweka vipima mvua kwa watu wetu, kwangu Mbagala, kingine Kimara, kingine Kigamboni, Tegeta, na Pugu. Kipima mvua ni kitu rahisi mpaka kinachekesha, ni chupa ya kukinga mvua tu, milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba, unasoma saa tatu asubuhi, unaandika, unamwaga.

Halafu jioni dada anashusha makadirio ya mvua yanayotokana na satelaiti, ya bure kabisa kwenye intaneti ukiwa na bando. Kuna TAMSAT ya Chuo Kikuu cha Reading Uingereza, wana rekodi ya Afrika nzima tangu 1983, wanachofanya ni kuhesabu wingu limekaa baridi kwa saa ngapi halafu wanageuza kuwa milimita. Kuna CHIRPS ya Marekani inayochanganya satelaiti na vipimo vya ardhini, rekodi yake inaanza 1981. Kuna IMERG ya NASA inayotoa kila nusu saa, hiyo inakusanya satelaiti nyingi na kiongozi wao ni ile ya GPM waliyorusha na Wajapani mwaka 2014, ina rada yake humo humo inaona ndani ya wingu, ila ndo hivo inapita, haikai juu yako.

Sasa ndo tukaanza kuona vituko.

Masika, mvua ya alfajiri. Mtu wa Dar anaijua, unasikia bati linapigwa saa kumi usiku, saa kumi na moja, ukitoka kwenda kituoni mtaa mzima matope, saa nne jua linawaka kama hakuna kilichotokea. Mimi naenda kusoma chupa naona maji ya kueleweka kabisa, naandika, natuma grupuni. Jioni makadirio yanakuja: sifuri. Au kitu kidogo cha kuonea huruma. Mara ya kwanza vijana wakasema Fundi watoto wako wamekojoa humo. Kesho yake Kigamboni nae akapata hivo hivo, na Tegeta, wote wa pwani. Kimara na Pugu kidogo afadhali.

Dada akatufungulia picha za usiku ule. Mawingu yalikuwepo, ila mafupi, yanatoka baharini yanapanda nchi kavu, vilele vyake vina joto la kawaida tu kwenye picha. Mvua ile inatokea matone yanagongana na kuungana ndani ya wingu ambalo halijafika hata pale maji yanapoganda, ambapo kwenye tropiki ni kama kilomita tano juu. Satelaiti ya joto inaliangalia inasema hili si baridi, hili halina kitu, inapita. Na sisi chini tunalowa.

Na kinyume chake nacho kipo. Kuna jioni za Machi wingu kubwa linapasukia huko bara, Morogoro au zaidi, kile kilele chake kinatanuka kinaletwa na upepo wa juu mpaka juu ya jiji, ile sakafu nyembamba ya barafu inayofanya jua liwe na ukungu. Baridi kali, picha nyekundu tupu, makadirio yanampa Mbagala mvua ya maana. Chupa yangu kavu, kuna mbu mmoja kafa humo.

Hapo ndo maneno ya mgongo na tumbo yakaniingia. Sio kwamba hao wa TAMSAT hawajui, wanajua kuliko sisi, wao wanarekebisha kipimo chao cha baridi kila eneo na kila mwezi kwa kutumia vipima mvua vya ardhini, na kazi yao hasa ni ukame na kilimo, ukijumlisha siku kumi au mwezi kwa mkoa mzima inakaa vizuri. Tatizo ni mtu kama mimi kuichukua namba ya mkoa kuiulizia uwanja wangu jana usiku. Kwenye IMERG kijimraba kimoja cha ramani ni kama kilomita 11 kwa 11, humo ndani kuna Mbagala na majirani zake wote, na wote mnaijua mvua ya Dar, upande huu wa barabara inamwagika upande ule watu wanakunywa kahawa.

Kituko kingine kilitusumbua zaidi na hakikuwa cha angani. Kuna mvua ambazo makadirio yalizipata vizuri tu, ila siku tofauti na sisi. Chupa inasema tarehe 11, satelaiti inasema tarehe 12. Vijana wakaanza kusema ni hitilafu ya programu, wakakesha wanaikagua, hawaoni kitu. Mzee akauliza tu kwa upole, siku yao hao inaanza saa ngapi? Kimya. Dada akasoma maelezo ya IMERG, inaanza saa sita usiku ya saa za dunia, ambayo kwetu ni saa tisa usiku. Na sisi siku yetu inaanza saa tatu asubuhi, tukisoma tarehe 12 asubuhi tunaandika ni mvua ya tarehe 11 maana saa nyingi zilizopita ni za jana. Kwahiyo mvua ya saa kumi alfajiri, ile ile ya masika, kwao ni ya leo kwetu ni ya jana. Tukachukua zile za nusu saa tukazijumlisha upya kuanzia saa tatu hadi saa tatu, namba zikaanza kuongea lugha moja. Mzee akasema yeye alilipwa mshahara miaka yote kwa ajili ya kuuliza hilo swali.

Hata mahali penyewe pa wingu pana utata. Kuna siku Ubungo inanyesha mtu wetu yuko pale kituoni amejibanza, anatuma sauti unasikia maji kabisa, nafungua picha kwenye simu naona wingu limekaa Kigamboni linaelekea baharini. Nikamwambia wewe uko wapi kweli? Kumbe ile picha niliyofungua ni ya Meteosat-12, mpya ya Wazungu wa EUMETSAT, imerushwa Desemba 2022, picha kila dakika kumi, safi kweli kweli, lakini imekaa juu ya Ghuba ya Guinea kwenye longitudo sifuri, kilomita karibu 36,000 juu, inatutazama sisi kwa ubavu. Wingu lenye urefu wa kilomita 15 likitazamwa kwa pembe ile kilele chake kinaonekana kimesogea mashariki kama kilomita 15 hivi. Toka Ubungo sogea 15 mashariki uone unafika wapi. Tukahamia Meteosat-9 ambayo tangu 2022 imewekwa nyuzi 45.5 mashariki kwa ajili ya Bahari ya Hindi, ni ya zamani, imerushwa 2005, picha kila robo saa, ila kwetu sisi iko karibu utosini na lile kosa linashuka hadi kama kilomita tatu. Tangu hapo mtu akinionyesha picha kali ya hali ya hewa swali langu ni moja, imepigwa ikiwa imesimama wapi?

Nadhani mnaona kwanini Pugu tuliipa umuhimu. Mto Msimbazi unaanzia milima ya huko Pugu na Kisarawe, unashuka hadi Jangwani. Kariakoo inaweza kuwa kavu kabisa na Jangwani pakajaa, watu wanashangaa maji yametoka wapi, yametoka juu huko mchana. Mafuriko ya Desemba 2011 ndo yaliwafanya watu wahamishiwe Mabwepande, kila mtu anayakumbuka. Kwahiyo wingu kukosewa kilomita 15 sio mambo ya wasomi, ni tofauti ya mvua iliyodondoka baharini ikapotea na mvua iliyodondoka kwenye mto unaokuja kwako. Na mwenzetu wa Pugu, mama wa makamo anaeuza mkaa, hajawahi kukosa kusoma, ndo rekodi yetu safi kuliko zote pamoja na hao wenye digrii. Ananipigia simu, fundi leo imejaa mpaka juu nimemwaga mara mbili, nimeandika zote mbili.

Sasa upande wangu wa antena nao ulipata msiba. Hizi NOAA tatu zilizeeka. NOAA 18 ilizimwa tarehe 6 Juni 2025, NOAA 19 tarehe 13 Agosti, halafu NOAA 15 ambayo ndo mkubwa wao tarehe 19 Agosti, mwezi ule ule. Ule mlio wa tik tok uliokuwepo tangu kabla sijazaliwa haupo tena. Vijana wa kikundi walipiga stori za huzuni, mimi niliumia kweli maana ilikuwa redio niliyoielewa, APT ikiwa na makelele bado unapata picha yenye michirizi, unajua hapa kuna kitu kinaingilia, unasogeza antena, unasikia kwa sikio kabla hujaona kwa jicho.

Tukahamia za Warusi, Meteor-M N2-4, ilirushwa Februari 2024, masafa yake ni megahezi 137.9 kwahiyo V yetu ile ile inafaa, programu ni SatDump. Picha yake ni nzuri mara nyingi zaidi, kila nukta ya picha ni kilomita moja badala ya nne, unaona hadi mawingu madogo yale ya pwani yamejipanga mistari. Ila ni ya dijitali. Dijitali haina huruma, signali ikiwa chini ya kiwango hupati michirizi, hupati kitu, skrini nyeusi robo saa nzima halafu imepita. Pale Sinza tulikosa tukakosa na vijana wakaanza kulaumu kidude. Nikawaambia subirini, hii kazi yangu. Nikapanda na redio ndogo ya mkononi nikazunguka paa zima, upande wa duka la jirani redio inaunguruma. Taa zake za LED za bei rahisi, ile saketi ndani yake inachafua masafa vibaya mno, na kwenye chumba cha chini kuna inveta ya sola nayo inachangia. Tulihamisha antena kona ya mbali, waya nikaubadilisha nikaufupisha, na jirani tukamnunulia taa zingine tukamfungia wenyewe bure, hadi leo anadhani tunamfanyia promosheni. Satelaiti ilipopita tena picha ikatoka kuanzia Msumbiji hadi Ethiopia bila kukatika.

Vijana wanasema sasa tuna picha bora tuachane na machupa. Mzee hasemi kitu, anawaacha. Mimi nawaambia kilomita moja badala ya nne ni mgongo ule ule umepigwa picha safi zaidi. Tunabishana kila Jumamosi na sidhani kama tutamaliza, ila vipima mvua vinaendelea kusomwa na hilo kwangu linatosha.

Tunachotafuta kwa sasa ni mtu wa Chanika na mtu wa Kisarawe, huko juu ya Msimbazi bado tuna pengo kubwa kati ya mama wa Pugu na kwingine kote. Hatuhitaji msomi. Tunahitaji uwanja ulio wazi, kipima mvua kikae mbali na nyumba au mwembe angalau mara mbili ya urefu wake, yani mti wa mita tano basi toka mita kumi, kisiwe chini ya tone la bati, na mbuzi wasifike maana wanakunywa. Na awe mtu ambae saa tatu asubuhi yuko nyumbani hata Jumapili, hapo ndo wengi wanapotuangusha, kanisani wanatoka saa nne.